Kidole Anapiga Kambi

Kiwandani walimwita Kidole, na yeye mwenyewe hakuona ubaya. Kazi yake ilikuwa kukagua magodoro, na ukaguzi wake wote ulikaa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alikizamisha katikati ya godoro, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu: "Hili lipite," au, "Hili lirudi," na hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Mashine ya kukagulia ilikuwapo, gogo la chuma lililobingirika juu ya magodoro kutwa, lakini wenzake walisema ile imewekwa kwa ajili ya wageni, waone kwamba kiwanda nacho kimeendelea.

Kulikuwa na chumba kimoja tu ambacho Kidole alipigwa marufuku kuingia. Humo sponji mpya ililazwa ipoe, mabonge makubwa kama makabati, na mlangoni fundi wa sponji alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: USIGUSE. Sponji ikibonyezwa kabla haijapoa, hunywea katikati na haiinuki tena. Kidole alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyeziharibu nyingi kuliko mtu yeyote.

"Nilikuwa naangalia tu kama imeshakuwa tayari," alijitetea kila mara.

"Ingekuwa tayari, kama usingeangalia," fundi alimjibu kila mara.

Na hicho kidole hakikujua saa ya kutoka kazini. Nyumbani kilibonyeza mkate, kilibonyeza keki ikiwa bado ndani ya oveni, kilibonyeza makochi ya watu walipoalikwa ugenini. Mkewe alikuwa msusi, na nusu ya sebule yao ilikuwa saluni yenye kioo, viti viwili na kikaushio kikubwa cha kufunika kichwa, kile kinacholia "ting!" muda wake ukiisha. Hata wateja wa mkewe walishajifunza kuinamisha vichwa upande mwingine bwana mwenye nyumba anapopita. "Kisichokaguliwa kimeshaharibika," alikuwa akisema, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu ukimjibu anakukagua na wewe.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, binti. Alipokuwa mdogo walimpachika jina la Kinanda kwa sababu hakuwa na kituo: aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini, na siku moja mwalimu wake alimrudisha nyumbani mapema ili darasa lipumzike. Sasa Kinanda alikuwa mtu mzima, fundi wa lifti katika mji wa mbali, na kwenye simu amekuwa bubu.

"Umekula?" Kidole angeuliza.

"Mm."

"Umekula nini?"

"Chakula, baba."

"Mlango umefunga?"

"Baba, niko kazini."

"Ndiyo maana nauliza. Ulipotoka, ulifunga? Uliusukuma baada ya kufunga? Na hizo kamba za lifti, unazivuta mara mbili kabla hujaingia, au unaingia tu hivihivi?"

Siku moja Kinanda alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi: "Baba, wewe hunipigii simu kunijulia hali. Unanipigia kunikagua." Akaaga kwa adabu, akakata. Siku ile Kidole hakula chakula cha mchana wala cha jioni, na alipopita karibu na mkate hakuugusa.

Mkewe ndiye aliyeleta dawa. Alisikia kutoka kwa mteja mmoja kwamba vijana siku hizi hawapatikani kwenye simu, wanapatikana kwenye michezo, akauliza huku na huku mpaka akajua kwamba Kinanda, akitoka kazini, huingia katika mchezo wa mtandaoni uitwao Mabonde Saba. Humo watu kutoka kila pembe hutembea, huvua, huwinda na kujenga, kila mmoja akiwa na mtu wake mdogo kwenye kioo cha simu. Kidole akauingiza mchezo kwenye simu yake. Alipoulizwa atajiitaje, akaandika jina la kwanza lililomjia. Kinanda alipomkuta pale langoni, kijitu kifupi chenye kofia pana na jina GODORO likielea juu ya kichwa, alicheka hadi akakohoa. Kidole alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu binti ahame.

Basi ikawa desturi yao. Jioni Kinanda alimfundisha kuvua, akamwonyesha jinsi ya kukwepa nguruwe mwitu, na huku wakitembea aliongea, maana mchezo uliwaruhusu kusikiana sauti. Si sana, lakini aliongea. Na Kidole hakuwa na mlango wa kuuliza kama umefungwa, kwa kuwa katika Mabonde Saba hakuna milango.

Lakini raha haidumu. Jumapili moja Kinanda akamwambia, "Baba, Jumamosi ijayo kikundi chetu kinavuka Mlima Baridi. Tunahamia upande wa pili."

"Tunakwenda wote?"

"Mlima unataka uzoefu wa kambi, baba. Ngazi ya ishirini. Ukiwa chini ya hapo unaganda njiani, mchezo unakurudisha langoni, kwa wanaoanza, kukimbiza kuku. Wewe una tisa." Akasita. "Usijali lakini. Tutakuwa tunaongea kwenye simu."

Kidole aliposikia neno simu, moyo ulimdondoka mpaka kwenye soksi. Alijua kinachoongewa kwenye simu: mm, chakula, niko kazini. Kama hataufikia mlima huo Jumamosi jioni, basi amempoteza mtoto mara ya pili, na safari hii akiwa ameonywa mapema.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akaitisha kikao mezani.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walishasema, na Kidole alilichukulia neno hilo kama barua iliyoandikwa kwake. Waliokaa mezani walikuwa watatu: yeye, mkewe na mama mkwe wake. Mama mkwe aliishi nao, mshonaji aliyestaafu, mama mwenye shali la zambarau, miwani mikubwa na peremende mdomoni wakati wote. Kidole alimheshimu kupita kiasi. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumkatiza neno wala kukalia kiti chake, na kidole chake hakikuwahi kulisogelea shali lile.

"Jambo lenyewe liko hivi," Kidole alieleza. "Ukipiga kambi, unakaa kwenye moto, mchezo unakupa uzoefu. Ukitaka kuona umepata kiasi gani, unafungua mkoba, humo kuna mstari wa kijani. Ukijaa, umepanda ngazi. Sasa mimi mstari wangu unatambaa kama konokono mwenye mafua. Wa wenzangu unakimbia. Wana njia wanayoijua, na sisi tutaitafuta kama tunavyotafuta ubovu wa godoro: tunabadilisha kitu kimoja kimoja, na tunakagua kila hatua."

"Na tutajuaje ipi bora?" mkewe akauliza.

Mama mkwe akainuka, akarudi na mkebe wake wa vifungo na vikombe vya chai. "Kila njia na kikombe chake," akasema. "Mstari ukisogea, mnatia kifungo. Mwisho tunatazama kikombe gani kimeshiba."

Kidole alitaka kumkumbatia, ila heshima ikamshika mkono.

Wakaanza jioni ileile. Njia ya kwanza ilikuwa kuni. GODORO alikaa mbele ya moto wa kuni kavu. Kikaushio kikilia "ting!", Kidole anafungua mkoba, kile kijitu kinainuka motoni, kinajipapasa, kinachungulia mkobani, halafu kinarudi kukaa. Kifungo kimoja. Wakajaribu kuni mbichi. Kifungo kimoja. Wakajaribu kupika supu juu ya moto. Kifungo kimoja na supu ikaungua. Wakahamia kando ya mto, wakahamia chini ya mvua, wakahamia karibu na pango la mbwa mwitu, kwa kuwa mkewe alisema penye hatari ndipo penye faida. Mbwa mwitu wakala hema. Kwenye kikombe hicho mama mkwe hakutia kitu, akakigeuza kifudifudi kwa huzuni.

Jumanne wakajaribu kulifumua hema na kulisimamisha upya tena na tena, mpaka kile kijitu kikaanza kupepesuka. Jumatano mteja mmoja, akiwa chini ya kikaushio na masikio yote yamefunikwa, alitoa ushauri kwa sauti ya mtu asiyejisikia: "LABDA SIMU INAJUA KAMA UMEKAA KWENYE KOCHI!"

Watu wenye akili zao wangecheka. Lakini maji yakimfika mtu shingoni hata unyasi ataushika. Wakavuta shuka kutoka kioo cha saluni mpaka mgongo wa kochi, wakalibana kwa vibanio vya nywele, na Kidole akaingia chini yake na simu, akalala sakafuni kama mtu aliye porini. Mkewe akampulizia upepo kwa mashine ya nywele, baridi, ili iwe kweli. Mama mkwe, bila kuombwa na mtu, akalia kama bundi.

"Vipi?" mkewe akauliza.

Kidole akafungua mkoba. "Kifungo kimoja."

"Labda bundi hakutosha," akasema mama mkwe, akalia tena.

Kadiri siku zilivyokwenda, ndivyo Kidole alivyozidi kukagua. Mwanzoni alisubiri "ting!" ya kikaushio. Baadaye akafungua mkoba katikati. Halafu akawa anaufungua kila akipumua, na kile kijitu cha watu kikawa hakijakaa kikainuka, hakijainuka kikakaa. Na mstari wa kijani, badala ya kukimbia, ukagoma kabisa. Jumatano jioni GODORO alikuwa ngazi ya kumi na moja, vikombe vimejaa meza nzima, chai wanainywa kwenye glasi, na hakuna kikombe kilichokizidi kingine.

"Mchezo huu una hila," Kidole akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi ndani. Mkewe akamshika bega.

Alhamisi Kidole alikuwa na zamu ya mchana, na kiwandani simu haziruhusiwi. Mkewe alikuwa na bibi harusi wa kusuka na wapambe wake wote. Akabaki mama mkwe. Kidole akamkabidhi simu kwa mikono miwili, ikiwa kwenye chaja, GODORO amekaa mbele ya moto wa kuni za kawaida kando ya barabara ya kawaida.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Kila kikaushio kikilia, tafadhali fungua mkoba uangalie."

"Nenda kazini, mwanangu. Macho haya yalikuwa yakitunga uzi kwenye sindano gizani. Hayatashindwa na kijiti cha kijani."

Kidole aliporudi jioni, mama mkwe alikuwa wima kwenye kiti chake, miwani imekaa upande, shali limekaa upande mwingine. Kidole akaipokea simu, akafungua mkoba, akaangalia. Akaufunga. Akaufungua tena.

Ngazi ya kumi na tano.

"Mama!" Kidole aliita kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia mbele ya mkwe. "Mama umefanya nini?"

"Nimefanya nini kwani?" akashtuka mama mkwe. "Nilikuwa naangalia tu. Macho makavu! Sikupepesa!"

"Ulibadilisha kuni?"

"Sikubadilisha."

"Ulihamisha hema?"

"Hata sijui linahamishwaje. Nilikaa hapa, nikaangalia mkoba, kama ulivyoniambia."

Kwenye shavu la mama mkwe palikuwa na alama, mistari ya mto wa kiti imechoreka vizuri kabisa mpaka sikioni. Mkewe aliiona. Wapambe wa bibi harusi waliiona. Kidole naye aliiona, lakini kuona ni jambo moja na kumwambia mama mkwe wako kwamba alilala zamu ni jambo jingine. Kuna maneno ambayo mkwe hayatamki hata akiwekewa kisu shingoni. Kama mama amesema alikuwa macho, basi alikuwa macho, na sayansi lazima ianzie hapo.

Basi Kidole akafanya kama mkaguzi anavyopaswa kufanya. Kama njia ni ileile, kuni zilezile na mahali palepale, tofauti iko kwa mama mwenyewe. Akaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, kuazimwa shali. Akajifunga shali la zambarau, akakaa na simu, akakagua. Kifungo kimoja. Akaomba miwani. Akaona dunia nzima imevimba, akakagua. Kifungo kimoja. Akaomba peremende.

"Baba Kinanda," mkewe akamwita, akiwa amejishika mbavu. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa, nusu yake imesukwa, mabega yakimtikisika.

"Usinikatize. Kimebaki kiti."

Kidole akamgeukia mama mkwe, shali begani, miwani puani, peremende shavuni, akaomba ruhusa ya kukalia kiti chake. Mama mkwe akampisha. Kidole akakaa ukingoni tu, kwa adabu, akafungua mkoba, akafunga, akafungua, akafunga. Mstari haukusogea hata kwa upana wa unywele.

Akavua miwani na kuiweka mapajani. "Kesho kutwa ndiyo Jumamosi," akasema kwa sauti ndogo. "Atavuka. Atakuwa kule, na mimi niko huku na kuku."

Hapakuwa na aliyecheka tena. Mama mkwe alimtazama mkwe wake kwa muda, amevaa shali lake kama mwanasesere aliyevalishwa na mtoto. Alikuwa mwanamke mwenye fahari, aliyeringia macho yake maisha yake yote. Akakohoa kidogo.

"Mwanangu," akaanza, "mimi sikulala."

"Najua, mama."

"Lakini tuseme kuna bibi mwingine. Simjui. Bibi wa watu tu. Tuseme huyo angelala."

"Ndiyo, mama," akasema Kidole, akikaa sawa.

"Angelala tangu ulipofunga mlango mpaka uliposikika ukifungua. Kikaushio kingelia, asingesikia. Simu ingekuwa kifuani pake. Mkoba," mama mkwe akasita, akaangalia dirishani, "usingefunguliwa hata mara moja. Yule mtu mwenye kofia angekaa kwenye moto wake mchana kutwa bila kusumbuliwa na mtu. Basi. Nimemaliza. Nirudishie shali."

Kidole hakulirudisha. Alikuwa ameganda, mdomo wazi, peremende inaonekana. Mbele ya macho yake aliona mlango wenye rangi nyekundu, akamsikia fundi wa sponji: ingekuwa tayari, kama usingeangalia. Kila alipofungua mkoba, kile kijitu kiliinuka motoni. Kikiinuka, kambi imevunjika. Kikikaa, kambi inaanza upya, kutoka mwanzo, mwanzo unaolipa kifungo kimoja. Wiki nzima walikuwa hawapimi kuni wala mvua wala mbwa mwitu. Walikuwa wanapima kidole chake.

"Mke wangu," akasema, "lete beseni."

Simu ikawekwa juu ya kabati, kwenye chaja, kioo kikiwaka, GODORO amekaa motoni. Juu yake wakafunika beseni la kuoshea nywele, na juu ya beseni mama mkwe akaweka mkebe wake wa vifungo, ili atakayegusa asikike. Mkewe akatoa sheria: hakuna kufunua mpaka Jumamosi jioni.

"Na tutajuaje kama inafanya kazi?" Kidole akauliza.

"Hatutajua."

"Kidogo tu, niangalie mara mo..."

"Baba Kinanda."

Kama kuna mateso aliyowahi kuyaonja mkaguzi, ni yale. Ijumaa kazini alipitisha magodoro bila kuyabonyeza, kwa kuwa akili ilikuwa kabatini, na msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Kwa mara ya kwanza alisimama nje ya chumba cha sponji bila kuusogelea mlango. Fundi wa sponji alimtolea macho.

"Huingii?"

"Siingii."

"Ndugu yangu, umefiwa?"

Jumamosi hakwenda kazini, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Alizunguka kabati kama paka anayezunguka samaki wa kukaanga. Mama mkwe alikuwa amekaa zamu, safari hii kweli macho makavu, na chanuo la chuma mkononi. Mara moja Kidole alijitia kufuta vumbi. Mara nyingine alisema amesikia kitu kikiungua. Aliponyoosha mkono mara ya tatu, chanuo likatua kwenye kidole chenyewe, na ndilo tukio pekee, katika miaka yote ya ndoa, ambapo mama mkwe alimpiga mkwe. Kila mtu alikubali kwamba lilikuwa la haki. Mchana Kidole alikaa sakafuni, ameikalia mikono yake. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya mchezo. Kufungua mkoba kungemtuliza yeye, lakini kungemvunjia kambi GODORO, na kwa mara ya kwanza alijiuliza ni mara ngapi maishani alikuwa amejituliza yeye.

Jioni, saa iliyokubaliwa, mkewe akaondoa mkebe, akainua beseni. Kidole akafumba macho. "Soma wewe."

Mkewe akafungua mkoba. Akanyamaza.

"Sema basi!"

"Ishirini," akasema. "Ishirini na nukta ndogo juu yake."

Mama mkwe akapiga vigelegele, akakumbuka umri wake, akaketi. Kidole hakushangilia. Alipangusa macho kwa shali, ndipo akagundua kwamba bado analo.

Kikundi kilikuwa kimeshakusanyika chini ya Mlima Baridi. Kinanda alipoiona ile kofia pana ikija mbio kupitia theluji alipiga kelele: "Baba! Umewezaje?" Kidole akasema ni habari ndefu yenye bundi ndani yake. Wakapanda. Katikati ya mlima tufani ikawakamata, na kila mmoja akapiga kambi pale alipofika. Hema la GODORO na la Kinanda yakawa bega kwa bega, moto mmoja katikati. Hapo hakuna la kufanya ila kukaa mpaka tufani ipite.

Kidole akaweka simu mezani, akaikalia mikono. Mkewe na mama mkwe wakakaa nyuma yake. Maswali yalimjaa kinywani yakisukumana kama watu kwenye mlango wa lifti. Umekula? Umefunga? Kamba umezivuta? Akayameza moja moja, na kila moja lilikuwa na mifupa. Moto wa kwenye kioo ukawaka taratibu.

"Baba, upo?" sauti ya Kinanda ikatoka kwenye simu.

"Nipo."

Kimya tena. Kisha, pasipo kuulizwa na mtu, Kinanda akaanza. Akasema juzi alikwama ndani ya lifti aliyokuwa anaitengeneza mwenyewe, gizani, na kabla hajaanza kazi alikuwa amezivuta kamba mara mbili, kama kawaida, kwa sababu kila akizishika anamsikia baba yake. Akasema alikaa mle akiimba mpaka walipomtoa. Akasema jirani yake wa juu anafuga jogoo. Akasema amepandishwa cheo na hakuwa amemwambia mtu. Akasema kuhusu viatu, kuhusu bosi, kuhusu mvua ya kwao, kuhusu ndoto aliyoota, neno linazaa neno, kile kinanda cha zamani kimefunguka mifuniko yote, na Kidole amekaa juu ya mikono yake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hawezi kuyafuta.

Mwisho Kinanda akavuta pumzi.

"Baba?"

"Naam, mwanangu."

"Mbona leo hujaniuliza kama nimekula?"

Kidole akageuka nyuma. Mkewe alikuwa ameuma upindo wa kanga yake. Mama mkwe alitikisa kichwa kidogo, kuonyesha kwamba hili sasa linaruhusiwa.

"Umekula?" akauliza.

"Bado," akasema Kinanda. "Nina njaa kweli."

"Basi nenda kale, mama. Moto nitakutazamia mimi."

Wakasikia kiti kikisukumwa huko mbali, hatua, mlango wa jokofu. Kwenye kioo kijitu cha Kinanda kilibaki kimekaa mbele ya moto bila mtu wa kukiendesha, na kile chenye kofia kikakaa kando yake. Kidole aliuangalia moto ule mpaka binti aliporudi, na hakugusa kitu.